Seli Zinazofanywa Upya na Zile Zisizofanywa: Mwili Unavyojikarabati na Sababu ya Kuzeeka

Kuna kauli inayozunguka sana katika video fupi na matangazo ya vipodozi, kwamba mwili wa binadamu hujibadilisha wote kila baada ya miaka saba, kiasi kwamba mtu wa miaka arobaini tayari anaishi katika mwili wake wa sita. Msikilizaji akishaikubali, muuzaji hana kazi kubwa tena: ikiwa mwili unajifanya upya wenyewe, kinachohitajika ni krimu, unga au sindano ya kuuongezea kasi, na uzee utabaki nje ukibisha hodi. Kauli ya kwanza ni ukweli nusu. Ya pili inasahau kuwa mwili una sababu nzito ya kutoziruhusu seli zake zijizalishe zinavyotaka, na sababu hiyo ndiyo inayohitaji kueleweka kabla ya mtu kufungua pochi.

Kitovu cha lenzi ya jicho unalosomea maneno haya kilitengenezwa kabla hujazaliwa na hakijawahi kubadilishwa. Ngozi laini iliyotanda ndani ya utumbo wako mwembamba wiki iliyopita, kwa upande wake, imekwisha kudondoka na mahali pake pana nyingine. Vitu hivyo viwili vimo katika mwili mmoja, na hakuna wastani wa miaka saba unaoweza kuvieleza vyote.

Tuanze na maneno yenyewe. Seli ni kipande kidogo kabisa cha mwili chenye uhai wake. Ina utando unaoizunguka, ina mitambo ya kutengeneza nishati na protini, na kwa kawaida ina kiini chenye DNA, yaani maandishi ya urithi yanayoelekeza kazi zote. Mtu mzima ana seli takriban trilioni 30, na sehemu kubwa ya hizo ni seli nyekundu za damu. Tishu ni kundi la seli zinazoshirikiana katika kazi moja, kama vile msuli, ngozi au ukuta wa utumbo. Tunaposema tishu inajifanya upya, tuna maana kwamba seli zinazokufa zinazibwa nafasi na seli mpya zinazotokana na mgawanyiko wa nyingine. Tunaposema seli imezeeka, hatuna maana kwamba imekuwapo siku nyingi. Tuna maana kwamba imeharibika au imefikia kikomo, haigawanyiki tena, na mara nyingi tabia yake imebadilika. Kuna seli yenye umri wa miaka themanini inayofanya kazi vizuri, na kuna seli ya miezi michache iliyozeeka kabisa. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili, na wauzaji huyachanganya kwa makusudi.

Kasi ya ukarabati inatofautiana kupita kiasi. Mwaka 2021 Ron Sender na Ron Milo wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walikadiria kuwa mtu mzima hupoteza na kuzalisha seli zipatazo bilioni 330 kila siku, zenye uzito wa gramu 80 hivi. Lakini karibu tisa katika kila kumi ya hizo ni za damu, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni za utumbo. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi kisha huondolewa. Baadhi ya seli nyeupe hazimalizi hata siku moja. Tabaka la juu la ngozi hubadilishwa kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi kidogo. Mifupa, ambayo huonekana kama mawe, hubomolewa na kujengwa tena taratibu, takriban asilimia 10 kwa mwaka kwa mtu mzima.

Namna wanasayansi walivyojua umri wa seli zilizojificha ndani, kama za moyo na ubongo, ni kisa chenye kejeli yake. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyolipuliwa angani yaliongeza karibu maradufu kiasi cha kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, iliyomo hewani. Mkataba wa mwaka 1963 ulipozuia majaribio hayo, kiasi hicho kilianza kushuka mwaka hadi mwaka. Mimea huvuta kaboni, wanyama hula mimea, binadamu hula vyote viwili, na kila seli inapogawanyika huiandika DNA yake mpya kwa kutumia kaboni ya mwaka huo. Kwa kuwa DNA haibadilishwi kwa wingi baada ya hapo, kila seli imebaki na muhuri wa tarehe ya kuzaliwa bila yenyewe kujua. Jonas Frisén na wenzake wa Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi walianza kuusoma muhuri huo mwanzoni mwa karne hii, na silaha zilizotengenezwa ili kuua zikageuka kuwa saa ya kupimia uhai.

Walichokikuta kinaizika ile hesabu ya miaka saba. Seli za neva katika gamba la ubongo zina umri uleule wa mwenye ubongo. Seli za misuli ya moyo hubadilishwa kwa kiwango cha asilimia 1 hivi kwa mwaka mtu akiwa na miaka 25, na kiwango hicho hushuka chini ya nusu ya asilimia afikapo miaka 75, maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya seli hizo zinabaki nawe maisha yako yote. Seli za mafuta hubadilishwa zipatazo moja katika kumi kila mwaka. Ini nalo lilishangaza wengi: mwaka 2022 ilibainika kwamba wastani wa umri wa seli zake ni chini ya miaka mitatu, iwe mwenyewe ni kijana au mzee. Kwa hiyo ini la mzee limejaa seli changa, ilhali moyo wake umejaa wazee wenzake.

Seli shina na umuhimu wa mahali

Seli mpya hazitoki popote tu. Seli nyingi za mwili zimeshajifunga na kazi moja na zimepoteza uwezo wa kuzaa, kama fundi aliyebobea ambaye hana tena nafasi ya kufundisha wanagenzi. Kazi ya uzazi imeachiwa kundi dogo liitwalo seli shina. Seli shina ikigawanyika, inaweza kutoa seli inayobaki shina kama yenyewe na nyingine inayokwenda kusomea kazi. Mkulima mwenye akili hali mavuno yote. Hutenga mbegu, huiweka mahali pakavu pasipo na wadudu, na haigusi ila msimu ukifika. Mwili nao umetenga mbegu yake kwa uangalifu huohuo.

Utumbo mwembamba unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo kila kitu kinaonekana. Chini ya hadubini, ukuta wake unafanana na zulia lenye nyuzi zilizosimama: vidole vidogo sana, kwa mamilioni, na katikati ya vidole kuna vishimo. Chini kabisa ya kila kishimo zimejibana seli shina zipatazo kumi na tano, nyembamba, kila moja ikiwa imebanwa na seli kubwa zaidi zinazoilisha ishara za kemikali na kumwaga sumu ya kuua bakteria wanaosogea. Hans Clevers na wenzake nchini Uholanzi walizitambua mwaka 2007 katika utumbo wa panya. Kila seli shina hugawanyika karibu mara moja kwa siku, na kwa kuwa nafasi ni finyu, lazima baadhi zisukumwe juu. Ile iliyosukumwa hutoka nje ya eneo la ishara zilizokuwa zikiiambia ibaki shina. Hupanda ukuta wa kishimo kama abiria kwenye ngazi ya umeme, hugawanyika mara chache zaidi njiani, huchagua kazi ya kufyonza virutubisho au ya kutoa ute, na baada ya siku tatu hadi tano hufika kwenye ncha ya kidole. Hapo hujiachia na kudondoka katika mkondo wa chakula. Hufa ikiwa bado na afya, kabla tindikali, sumu na vijidudu havijapata muda wa kuiharibu vya kutosha hadi igeuke adui.

Somo kubwa la kishimo kile ni mahali. Seli haiwi shina kwa asili yake tu, bali kwa kukaa kwenye kiota chake, ikisikia majirani zake. Ndiyo maana krimu inayojisifu kuwa na seli shina, ambazo mara nyingi ni vipande vilivyosagwa vya seli za mimea, haiwezi kufanya kile inachodokeza. Hata kama seli hizo zingekuwa hai, zingewekwa juu ya tabaka la seli zilizokwisha kufa, ambalo kazi yake hasa ni kuzuia vitu visipenye, mbali na kiota chochote. Krimu inaweza kulainisha ngozi kwa kuizuia isipoteze maji, na hilo ni jambo jema. Halihusiani na seli shina.

Tishu nyingine hutunza mbegu kwa kubana matumizi zaidi. Katika uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, seli shina za damu zipatazo kati ya 50,000 na 200,000 ndizo zinazochangia damu yote ya mtu mzima, na nyingi kati yake zimelala muda mwingi. Anayefanya kazi ya kuzidisha idadi ni mtoto wake na mjukuu wake. Kwa mpango huo, shina lenyewe hugawanyika mara chache mno, na kila mgawanyiko unaoepukwa ni nafasi moja ya kukosea iliyoepukwa. Seli shina za misuli nazo hulala kando ya nyuzi za msuli hadi msuli uumie au ufanyishwe kazi nzito, ndipo huamka.

Nguvu ya seli hizo chache ilionekana waziwazi mwaka 2015 nchini Ujerumani, alipotibiwa mtoto wa miaka saba mwenye ugonjwa wa kurithi unaoifanya ngozi ibanduke kwa kuguswa tu. Madaktari wa Bochum, wakishirikiana na timu ya Michele De Luca ya Modena nchini Italia, walichukua kipande kidogo cha ngozi yake isiyo na jeraha, wakaingiza ndani ya seli hizo jeni, yaani agizo la DNA, iliyo sahihi, wakazikuza kuwa mashuka ya ngozi, kisha wakafunika nayo takriban asilimia 80 ya mwili wake. Ngozi ilishika. Walipofuatilia ukoo wa seli hizo, waligundua kwamba nyingi kati ya zilizopandikizwa zilitoweka baada ya miezi kadhaa, na ngozi yote ikawa inategemezwa na idadi ndogo ya seli shina zenye maisha marefu.

Kikomo cha mgawanyiko

Kama seli shina zina uwezo huo, kwa nini tunazeeka? Kwa nusu karne ya kwanza ya karne iliyopita, wasomi wengi waliamini kwamba seli zenyewe hazizeeki. Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi New York, alianza mwaka 1912 kukuza tishu ya moyo wa kifaranga katika chupa, na ikatangazwa kwamba iliendelea kuishi hadi mwaka 1946, miaka miwili baada ya yeye mwenyewe kufariki. Hakuna aliyefaulu kurudia jaribio hilo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba chakula kilichoongezwa kwenye chupa kilikuwa na seli mpya ndani yake.

Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia ndio walioivunja imani hiyo mwaka 1961. Walikuza seli za kawaida za binadamu na kuona kwamba baada ya kugawanyika mara 50 hivi zilisimama. Hazikufa, zilikaa tu, hai lakini tasa. Wakosoaji walisema chakula kilikuwa kibaya, au kuna kirusi kimeingia. Basi wakachanganya katika chupa moja seli za kiume zilizokwisha kugawanyika mara nyingi na seli changa za kike, zote zikila chakula kimoja. Muda si mrefu zikabaki za kike peke yake. Kosa halikuwa la chakula wala la chupa. Kila seli ilikuwa na hesabu yake ndani. Hata ukizigandisha kwa miaka, zikiyeyushwa huendelea kuhesabu kutoka pale zilipoishia.

Hesabu hiyo imeandikwa wapi? Alexey Olovnikov, mwanasayansi wa Urusi, aliipata fununu baada ya kusikiliza mhadhara juu ya kazi ya Hayflick, akiwa katika kituo cha treni ya chini ya ardhi mjini Moscow. Alifikiria mashine inayonakili DNA kama treni inayokwenda juu ya reli huku ikiinakili reli hiyo: kile kipande cha reli kilicho chini ya treni yenyewe mwishoni mwa njia hakiwezi kunakiliwa. Kwa hiyo kila nakala itakuwa fupi kidogo kuliko ile iliyotangulia. Ili maandishi muhimu yasipotee, ncha za kila kromosomu, yaani ule uzi uliosokotwa wa DNA, zimewekewa kipande kirefu kisicho na maagizo, herufi sita zilezile zikirudiwa maelfu ya mara. Kipande hicho kinaitwa telomea. Mshonaji hukunja pindo la nguo ili kitambaa kisifumuke. Telomea ni pindo la kromosomu, na kila mgawanyiko hulipunguza kidogo. Pindo likiisha, seli huisoma ncha iliyobaki kama DNA iliyokatika, na husimama.

Lakini mbegu za uzazi na seli shina zingekwisha zamani kama hakungekuwa na njia ya kulirudishia pindo urefu wake. Njia hiyo ni kimeng'enya kiitwacho telomerasi, ambacho Carol Greider alikiona mara ya kwanza katika maabara ya Elizabeth Blackburn siku ya Krismasi ya mwaka 1984, ndani ya kiumbe cha seli moja kiishicho katika maji ya madimbwi. Wawili hao pamoja na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka 1998 watafiti waliiwasha telomerasi ndani ya seli za kawaida za binadamu, na seli zikavuka kikomo cha Hayflick bila kusita.

Hapo ndipo biashara ya vidonge vya kurefusha telomea ilipozaliwa, na hapo pia ndipo panapohitaji utulivu. Seli nyingi za mwili zimeizima telomerasi kwa sababu maalumu. Saratani ni seli moja iliyokataa kusimama, na ili iweze kugawanyika bila mwisho, lazima ilitatue tatizo la pindo. Kati ya saratani kumi, takriban tisa hulitatua kwa kuiwasha telomerasi upya. Seli zilizochukuliwa mwaka 1951 mjini Baltimore kutoka kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, bila yeye kuombwa ruhusa, bado zinagawanyika katika maabara duniani kote, ingawa mwenyewe alifariki mwaka huohuo. Seli zisizozeeka, kwa hiyo, tunazijua vizuri, na ndizo zilizomuua.

Hali halisi ni ya kupima pande mbili. Watu wanaozaliwa na telomea fupi mno kwa sababu ya kasoro za kurithi hupata matatizo ya uboho, mapafu yao hukakamaa, na baadhi hupata mvi mapema. Wenye telomea ndefu kuliko kawaida wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata aina fulani za saratani, ikiwamo ile ya ngozi inayotokana na seli za rangi. Kipimo kinachouzwa cha kukwambia "umri wa kweli" wa mwili kutokana na urefu wa telomea hupima seli nyeupe za damu tu, na watu wa umri mmoja hutofautiana sana hata wakiwa wazima wote. Mtu akilipia kipimo hicho, atapata namba, lakini hatapata jibu.

Walinzi wa ndani

Telomea ni kinga mojawapo tu, na nadhani imepewa sifa kupita kiasi kwa kuwa ni rahisi kuichora. Kazi kubwa zaidi ya kuuahirisha uzee inafanywa na marekebisho ya kila siku yasiyotangazwa. Seli moja ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni sita za DNA, na inapozinakili zote, baada ya kuhakiki na kusahihisha, hubaki na makosa machache sana, labda moja kwa kila herufi bilioni au pungufu ya hapo. Hata seli isiyogawanyika hupata madhara maelfu kwa maelfu kila siku kutokana na joto, maji na mabaki ya nishati yake yenyewe, na vimeng'enya hupita vikikata kipande kibovu na kujaza kipya. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipata Nobel ya kemia mwaka 2015 kwa kueleza mitambo hiyo.

Madhara yakizidi uwezo wa fundi, seli ina njia mbili: kujiua au kustaafu. Kujiua ni jambo la kawaida na la utaratibu. Ngozi inayobanduka baada ya kuungua na jua ina seli nyingi zilizojiua baada ya DNA yake kuharibika kiasi cha kutoaminika tena. Vidole vyako vilitengana tumboni mwa mama kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zilijiua kwa zamu. Protini iitwayo p53 ndiyo mwamuzi mkuu wa hukumu hizo. Tembo, mwenye seli nyingi mno kuliko binadamu na ambaye kwa hesabu ya kawaida angepaswa kujaa saratani, ana nakala zipatazo 20 za jeni ya p53, wakati binadamu ana jozi moja tu.

Kuna pia usafi wa ndani. Seli hufunga protini zilizopinda na mitambo iliyochakaa katika vifuko, hukiyeyusha kilichomo, na kutumia vipande kujenga upya. Shughuli hiyo inaitwa otofajia, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Nobel mwaka 2016 kwa kuitafiti katika hamira. Tangu hapo imekuwa wimbo wa kila mshauri wa kufunga. Ni kweli kwamba seli ikikosa virutubisho huongeza otofajia, maana huo ni mgao wa dharura. Si kweli kwamba mtu asiyefunga hana otofajia. Inaendelea wakati wote, ama sivyo seli za neva zingejaa takataka. Na zile saa kamili zinazotajwa mtandaoni, kwamba ikifika saa fulani "usafi unaanza", haziwezi kuchukuliwa kutoka kwa panya na kubandikwa kwa binadamu, kwa sababu siku moja bila chakula kwa panya mdogo ni njaa kali.

Vidonge vya kupambana na oksidi vina historia mbaya zaidi. Mantiki yake ilionekana safi: kemikali zenye oksijeni huharibu DNA, basi tuzizime. Nchini Ufini wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000 walifuatiliwa, baadhi wakipewa beta-karotini, ile rangi ya karoti inayopambana na oksidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: waliopewa kidonge hicho walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Mwili unazitumia kemikali hizo pia kama ishara, na kuzizima ovyo ni sawa na kukata nyaya zote za nyumba kwa sababu moja inatoa cheche.

Seli zinazostaafu bila kuondoka

Seli iliyochagua kustaafu badala ya kujiua inaitwa seli kongwe. Imefunga mlango wa kugawanyika, jambo linaloizuia isiwe saratani, lakini haikai kimya. Humwaga protini zinazochochea uvimbe kama ule wa jeraha (si ule wa saratani) na kuziita seli za kinga zije. Katika kidonda kibichi, hilo ni msaada: seli kongwe hujitokeza kwa siku chache, huharakisha kufungwa kwa jeraha, kisha seli za kinga hufika na kuziondoa. Taabu huanza pale kinga inapochoka na umri, na seli hizo zinapobaki. Ni kama king'ora cha moto kilicholia kwa haki, moto ukazimwa, lakini hakuna aliyekuja kukizima. Kadiri ving'ora vinavyoongezeka, majirani wazima hawalali, na baadhi yao huanza kuzeeka kwa kelele hizo.

Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walitengeneza panya wanaozeeka haraka, ambao seli zao kongwe zingeweza kuuawa kwa kupewa dawa maalumu, na panya hao walichelewa kupata mtoto wa jicho na kudhoofu kwa misuli. Miaka mitano baadaye ilionyeshwa kwamba hata panya wa kawaida huishi muda mrefu zaidi seli hizo zikiondolewa. Tangu wakati huo dawa kadhaa za kuua seli kongwe zinajaribiwa kwa binadamu, kwa makundi madogo. Mojawapo ni dawa ya saratani ya damu yenye madhara yake makubwa, kwa hiyo anayeiagiza mtandaoni ili abaki kijana anajiingiza katika majaribio yasiyo na daktari.

Na mbegu zenyewe, zile seli shina? Nazo huchoka, na picha iliyo wazi zaidi inatoka kwa Mholanzi Hendrikje van Andel-Schipper, aliyefariki mwaka 2005 akiwa na miaka 115 na kuuachia mwili wake sayansi. Damu yake ilipochunguzwa, ilibainika kwamba sehemu kubwa ya seli zake nyeupe ilikuwa imetokana na seli shina mbili tu. Telomea za seli hizo nyeupe zilikuwa fupi mno kuliko zile za ubongo wake, ambao haukuwa umegawanya seli zake. Hakuwa na saratani ya damu. Ghala lake la mbegu lilikuwa limekaribia kuisha.

Swali linalobaki ni kama umri wa seli unaweza kurudishwa nyuma. Maumbile yenyewe hufanya hivyo kila siku. Yai linalozaa mtoto lilianza kuumbwa wakati mama mwenyewe akiwa tumboni mwa bibi, kwa hiyo linaporutubishwa lina miongo kadhaa, na bado mtoto huzaliwa akiwa mchanga kabisa, telomea zake zikiwa zimerefushwa na alama nyingi za umri zikiwa zimefutwa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba protini nne tu zinaweza kuirudisha seli ya ngozi ya panya katika hali ya karibu na ile ya kiinitete, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Tatizo ni kwamba seli iliyorudishwa utotoni imesahau kazi yake. Panya walioachiwa protini hizo ziwake mfululizo mwilini walipata uvimbe wenye mchanganyiko wa tishu za kila aina, kwa sababu seli zilisahau zilikuwa ini au utumbo. Ndipo mwaka 2016 timu ya Juan Carlos Izpisua Belmonte huko Marekani ikajaribu kuziwasha kwa siku mbili tu na kuzizima kwa siku tano, kwa zamu, katika panya waliozaliwa na ugonjwa wa kuzeeka upesi. Panya hao waliishi muda mrefu zaidi, na ini likabaki kuwa ini.